Mwezi wa Bonde la Kwanza

Benchi lilikuwa barazani, limeipa barabara mgongo, jambo lililowashangaza wageni, kwa sababu benchi la watu wazima kwa kawaida hutazama wapita njia. Hili lilitazama ndani. Ukilikalia ulikuwa na milango miwili mbele yako: wa kulia ulikuwa wa kibanda cha fundi miwani, wa kushoto wa chumba cha gemu. Humo vijana walicheza mpira kwenye televisheni za nyuma, na ile iliyokuwa karibu na mlango iliachwa kuwa mali ya benchi. Kati ya benchi na mlango palikuwa na kistuli, juu yake sinia la vikombe vya kahawa lililofunikwa nailoni pana kwa ajili ya nzi. Mmoja alishika pedi na kucheza. Waliobaki walimwelekeza pa kwenda, na akifa walimweleza kwa nini amekufa.

Fundi miwani walimwita Mzee Lenzi. Chumba cha gemu kilikuwa cha mkewe, na tangu mkewe alipofariki, mvua za kwanza za mwaka huo, kilikuwa chake, ingawa bado aliingia humo kama mtu anayeingia jikoni kwa jirani. Kahawa ilipikwa na ndugu wa marehemu. Mzee Lenzi alimwita shemeji, kama ilivyo haki, na kwa kuwa alimwita hivyo mchana kutwa, mtaa mzima nao ukawa unamwita Shemeji, hata watoto. Wa tatu alikuwa Wakili, fundi viatu ambaye hakuwahi kuliacha neno la mtu lipite bila pingamizi. Wa nne alikuwa mpaka rangi za nyumba. Huyo hakuwahi kuona ukuta usiohitaji kurudiwa, kwa hiyo jina lake lilikuwa Mkono wa Pili.

Alasiri hiyo walikuwa na msiba mdogo. Mzee Lenzi alikuwa amepata mtu wa kuinunua televisheni ya mlangoni. Mshonaji mmoja wa mtaa wa pili aliitaka kwa ajili ya wateja wanaosubiri nguo, na alikuwa njiani kuja kuiangalia.

— Mzee, hebu rudia, alisema Wakili. Unauza TV yetu kwa sababu ya majani?

— Siuzi kwa sababu ya majani.

— Jana umesema majani ni ya kijani mno.

— Nimesema pia kwamba mwezi haupo, alisema Mzee Lenzi. Hilo ndilo kubwa.

Na kweli haukuwepo. Kwa miaka mingi televisheni ile ilikuwa imeonyesha gemu moja tu, *Mlinzi wa Bonde*, kwa sababu mashine yake ilikuwa imeimeza diski na kukataa kuitema. Mke wa Mzee Lenzi hakuruhusu ifunguliwe. Iacheni, alisema, imependa. Basi benchi likaishi bondeni. Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye kandili, anayeshuka kila siku katika nchi iliyofunikwa utando mweupe kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji: minara yenye utando, madaraja yenye utando, na joka ambalo halikuonekana mpaka liwe limeshakukanyaga. Na juu, upande wa kulia, palikuwa na mwezi mdogo usiozama. Ulikuwepo usiku, ulikuwepo mchana, na Mlinzi akiingia pangoni uliingia naye.

Mwanamke huyo hakucheza. Alikaa kwenye kiti chake pembeni ya kioo, ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukifuta, na kila asubuhi akiwasha alisema, "Mwezi wangu umetoka." Halafu, akipatikana mgeni barazani, aliwageukia wanaume na kuuliza kwa upole: "Hivi, huu mwezi umeingiaje pangoni?" Nao wakamweleza. Walimweleza kwa kirefu, wakipokezana, wakikosoana, huku yeye amefunika mdomo kwa mkono na kutikisa kichwa, kama mtu aliyezidiwa na elimu.

Sasa lilikuwa limetoka *Bonde la Pili*. Shemeji ndiye aliyelileta, pamoja na mashine mpya, ili amchangamshe shemeji yake aliyekuwa amekaa kimya miezi mizima. Aliiunganisha mwenyewe, akasafisha pale mahali, akawasha, akawaita wenzake. Wakaona majani, unyasi mmoja mmoja. Wakaona mawe yana nyufa na nyufa zina mchwa. Joka lilikuwa na magamba yanayong'aa kama sufuria mpya, tena lilikuwa na kope. Mwezi, hakuna. Mzee Lenzi kwanza alidhani ni macho yake. Akajipima kwa lenzi zote za kibandani. Kisha, yeye ambaye hakuwa mchezaji, akaishika pedi na kumtembeza Mlinzi mji baada ya mji, akiangalia juu. Mlinzi aligonga miti mingi. Mwezi hakuupata.

— Mimi nasema ni suala la rangi, alisema Mkono wa Pili. Na kwenye rangi msinibishie. Lile la kwanza lilipakwa mkono mmoja, tena rangi imezimuliwa maji, ndiyo maana ukungu. Mwenye kazi alibana. La pili wamepata hela, wamerudia ukuta kwa rangi ya mafuta. Inang'aa, lakini haina roho.

— Pingamizi, alisema Wakili. Mwezi nao ni ukuta?

— Mwezi ni kiraka. Ukipaka mkono wa pili, kiraka kinapotea. Nenda kaulize nyumba yoyote.

— Nyumba haijibu, bwana. Nisikilizeni mimi. Nani alimuua mpiga kengele katika bonde la kwanza?

— Bwana wa Mnara, alisema Shemeji.

— Na nani alikuwepo akiona?

Wakafikiri.

— Hakuna. Kulikuwa usiku.

— Kulikuwa na mwezi! Wakili aligonga goti. Shahidi pekee. Sasa Bwana wa Mnara amerudi katika bonde la pili, ana kesi ya kujibu, na shahidi haonekani. Mnataka niwaambie nini zaidi? Ameondolewa. Wala sishangai wakimtafuta kisimani.

— Mwezi kisimani?

— Mara ngapi umeuona huko?

Ilibidi Mkono wa Pili akubali kwamba ameuona huko mara nyingi.

Shemeji aliinua pembe ya nailoni, akamimina kahawa, akaifunika tena sinia kwa uangalifu. Alikuwa mtu wa kufunika. Ndani ya nyumba yake hata redio ilikuwa na shuka.

— Mimi sidhani ni kesi, alisema taratibu. Nadhani ni mambo ya nyumbani. Mfalme wa lile bonde ameoa mke mwingine. Mke mpya akiingia anafungua madirisha, anafagia, anatoa utando, vitu vya yule wa kwanza anaviweka ku...

Akanyamaza. Wenzake walitazama vikombe vyao kwa makini sana. Ndani, kijana mmoja alifunga bao na kupiga kelele, kisha naye akanyamaza bila kujua kwa nini.

— Endelea tu, shemeji, alisema Mzee Lenzi.

— Nilikuwa namsema mfalme.

— Najua ulikuwa unamsema mfalme.

Wakili, ambaye hakuvumilia kimya cha namna hiyo, aliruka akasimama.

— Joka!

— Lina nini?

— Tumbo lake! Mtazameni! Bonde la kwanza joka lilikuwa la kijivu kama soli kuukuu. Bonde la pili linang'aa mpaka kwenye kwapa. Kitu kikimulika kutoka ndani, kimo ndani. Limemeza!

— Limemeza mwezi?

— Nyie nipeni maelezo mengine ya tumbo hilo.

Hakuna aliyekuwa nayo, na jambo likaonekana wazi kabisa kwamba lazima joka lipasuliwe kabla mshonaji hajafika. Mkono wa Pili alipewa pedi. Alikufa mara ya kwanza kwa sababu alisimama kuangalia lipu ya ngome. Alikufa mara ya pili kwa sababu, alivyosema, ile kona ya mnara ilikuwa imepinda na hakuna fundi mwenye heshima ambaye angepita bila kuinyoosha kwa macho. Mara ya tatu Shemeji alimshika mabega akamwelekeza kama punda wa mkokoteni.

— Kushoto! Kushoto kwako, siyo kwake!

— Anatazama huku, kushoto kwake ndiko kulia kwangu!

— Piga mkia!

— Mkia una nini na tumbo?

— Piga, bwana, joka halina mpangilio!

Joka likaanguka. Lilianguka polepole, likafumba macho yenye kope, na magamba yakatawanyika kama vifuniko vya chupa. Watu wazima wanne walisogea mpaka mlangoni. Tumbo likafunguka, mwanga ukatoka, na ndani ya mwanga huo, ikizunguka taratibu, kulikuwa na kofia.

— Kofia, alisema Shemeji.

— Ya manyoya, alisema Mkono wa Pili. Imeandikwa inaongeza mvuto sokoni.

Mzee Lenzi alirudi akakaa. Hakuwa ametegemea kitu, alijiambia. Mtu aliyepima macho ya watu maisha yake yote hawezi kutegemea mwezi utoke tumboni mwa joka. Hata hivyo alikuwa amesogea mpaka mlangoni pamoja nao, na sasa magoti yalikuwa yanamuuma.

— Nilitaka kuuona mara moja tu, alisema. Ningelicheza hilo la pili, lingekuwa na majani, lingekuwa na kope, ningelizoea. Lakini asubuhi ninawasha na hakuna kitu cha kusema. Kiti kiko pale, kioo kiko pale. Afadhali iende kwa wanaosubiri nguo.

Kisha Mkono wa Pili, mwenye moyo mzuri na akili inayochelewa kufika, akainua kidole.

— Mzee. Huyo mchoraji wa gemu, unamjua?

— Nitamjulia wapi?

— Basi mimi namjua. Alikuwa haoni vizuri! Ndiyo! Alichora bonde la kwanza kama alivyoliona, utando mtupu. Hata huo mwezi labda ilikuwa taa ya jirani. Halafu, kati ya la kwanza na la pili, mkewe akamshika mkono akampeleka wapi?

— Wapi? aliuliza Shemeji.

— Kwa fundi miwani! Akavaa, akatoka nje, akaona majani! Ndiyo maana kayachora yote, alikuwa na hamu nayo! Mzee Lenzi, hili bonde mmeliharibu nyinyi. Wewe na wenzako wa kazi.

— Pingamizi, alisema Wakili, lakini alicheka kabla ya kulimaliza.

Mzee Lenzi naye alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, chenye kutu, na kilimshangaza yeye kuliko wengine. Katikati ya kicheko hicho mshonaji akafika.

Alikuwa mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni na pini kadhaa kifuani, na alisalimia benchi zima kwa pamoja ili asipoteze muda.

— Shikamooni, wazee wangu. Ndiyo hii?

— Marahaba. Ndiyo hiyo, dada, alisema Mzee Lenzi. Karibu uiangalie.

— Ina historia, alisema Wakili.

— Historia sina pa kuiweka, baba. Nina chumba kimoja na cherehani mbili.

Aliingia, akainama mbele ya kioo. Hakuangalia majani wala kope. Aliangalia kama anavyoangalia kitambaa, kwa pembeni, kichwa kimelala, akitafuta palipovutika. Akapitisha kiganja juu ya kioo chote, kutoka pembe hadi pembe.

— Mna nayo muda mrefu?

— Tangu chumba kifunguliwe, alisema Shemeji. Dada yangu ndiye aliyeinunua.

— Na vijana wote hawa humu? Na mapedi yanarushwa?

— Yanarushwa hasa.

— Fremu imechakaa kama sufuria ya shule, alisema mshonaji. Lakini kioo hakina hata mkwaruzo. Kipya. Mlikuwa mnakifunika na nini?

Wakili alitafuta pingamizi, hakuliona.

— Hakikufunikwa, alisema Mkono wa Pili.

— Haiwezekani. Njooni mwone, uchafu umesimama mstari mzima pembeni, kama upindo uliofumuliwa. Hapa palikuwa na kitu.

Mzee Lenzi alitoa lenzi yake ya mkono mfukoni, akapiga magoti kwenye kiti cha mkewe. Mstari ulikuwepo, mwembamba, wa kahawia, unazunguka kioo chote. Aliufuata mpaka mwisho kabla ya kusema neno.

— Shemeji. Siku ulipounganisha mashine mpya, ulisema ulisafisha.

— Nilisafisha.

— Ulisafisha vipi?

— Kwa kitambaa. Kidogo tu. Palikuwa na... Pale pembeni palikuwa na kitu kimeanza kukunjika. Nikakivuta. Kikaja chote.

— Kitu gani?

— Ile nailoni ya kiwandani. TV ikiwa mpya inakuja nayo. Wengine hawaibandui, wanasema ukiibandua imeshakuwa kuukuu. Sikudhani ni kitu, shemeji. Nikawasha, gemu likaonekana zuri, nikasema kweli vijana wa siku hizi wamejua kuchora.

— Iko wapi?

Macho ya Shemeji yalikuwa yameteremka yenyewe mpaka kwenye kistuli, na macho ya wote yakateremka nayo.

Nailoni ilikuwa imelala juu ya vikombe, nyeupe kwa uzee, imejaa mvuke. Pembeni, karibu na pembe moja, plastiki ilikuwa imevimba kidogo, kivimbe cha duara, kikubwa kama kidole gumba.

— Tumekuwa tunanywa chini yake, alisema Mkono wa Pili kwa sauti ya mtu aliye mahali pa ibada.

— Nilisema ameondolewa, alisema Wakili, lakini bila nguvu.

Mzee Lenzi aliichukua nailoni kwa mikono miwili. Aliigusa ile duara. Palikuwa na mtu aliyepabonyeza, siku ya kwanza kabisa, televisheni ilipotolewa kwenye boksi; mtu aliyeona pembe inataka kuachia akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka hewa ikabaki imefungiwa ndani. Ni mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kukigusa kioo hicho.

Ndipo likamfikia jambo la pili, polepole, kama mtu anayeelewa kichekesho wageni wakishaondoka. Mkewe alijua. Miaka yote ile mwanamke huyo alikaa pembeni ya nailoni yake, akajua ni nailoni, na kila alipopata mgeni wa kusikiliza aliwauliza wanaume wazima mwezi umeingiaje pangoni. Nao wakamweleza. Yeye, fundi miwani mwenye cheti ukutani, alikuwa amemweleza kuhusu kupinda kwa mwanga. Tena aliwahi kumchorea. Na ule mkono mdomoni haukuwa wa kuzidiwa na elimu.

Alikaa kwenye kiti, mabega yakaanza kutikisika. Shemeji alimkimbilia akidhani analia. Hakuwa mbali na ukweli, lakini kilikuwa kicheko.

— Samahani, dada, alisema Mzee Lenzi alipopata pumzi. Nimekusumbua bure. Haiuzwi.

— Nimeona, alisema mshonaji. Basi nipeni hata kahawa.

Wakaipangusa nailoni, wakairudisha. Mara ya kwanza waliiweka kichwa chini, mwezi ukatokea kushoto karibu na miguu ya Mlinzi, na Mkono wa Pili akapiga ukelele kwamba umezama. Wakaigeuza. Mshonaji, ambaye hakuweza kuvumilia kazi iliyopinda, alitoa pini zake, akakumbuka kwamba kioo hakipigwi pini, akaagiza gundi ya karatasi. Akaivuta nailoni ikanyooka. Majani yakarudi kuwa ukungu. Joka jipya, lililofufuka kama kawaida yao, likapoteza kope zake na kuwa kivuli kikubwa chenye huzuni, likawakanyaga kabla hawajaliona. Wote walishangilia.

Na juu, upande wa kulia, mwezi ukatoka. Ila safari hii, chini yake kidogo, palikuwa na duara nyingine, ya kahawia, kubwa zaidi, tupu katikati, kama kitako cha kikombe.

— Hiyo itafutika? aliuliza Mkono wa Pili.

— Nimejaribu, alisema Shemeji kwa unyonge. Imeingia.

Nzi walikuwa wameshavigundua vikombe. Mshonaji alivifukuza kwa futi yake, na hakuna aliyejua sinia sasa litafunikwa na nini. Wakili alikuwa ameshika pedi. Mlinzi aliinua kandili, akapita chini ya daraja, akaingia pangoni. Giza likaja. Mwezi mweupe ukaingia naye. Ule wa kahawia nao ukaingia.

Mzee Lenzi aliuegemeza mgongo kwenye kiti cha mkewe. Alimtazama mshonaji, ambaye alikuwa mgeni, kisha akaligeukia benchi.

— Hivi, aliuliza kwa upole, huu mwezi wa pili umeingiaje pangoni?

Jibu walilijua wote. Lilikuwa limegandishwa hapo mbele yao kwa gundi ya karatasi. Hakuna aliyethubutu kulitamka. Shemeji alitazama dari, Mkono wa Pili akajikuna sikio, kisha Wakili akaiweka pedi chini, akakohoa kidogo, na kuvuta kistuli karibu.

— Ukiniuliza mimi, alisema, lile joka lilikuwa na mjomba.

Mzee Lenzi akafunika mdomo kwa mkono.